Aliyevaa Koti Jeupe Amesomea Nini?

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Umesoma habari za mbolea ya samadi, habari za kuchemsha maji ya kunywa, na habari za chanjo ya watoto. Leo tusome habari za watu wanaotibu akili. Ni nani hao? Wamesomea nini? Wamesoma miaka mingapi? Nawe utawatambuaje?

Labda unasema, "Nyumbani kwangu hakuna mgonjwa wa akili. Somo hili si langu." Ngoja kidogo. Kliniki ya afya ya akili haimtibu tu yule anayetembea barabarani akisema peke yake. Kifafa kinatibiwa hapo. Mama aliyejifungua akashikwa na huzuni isiyokwisha anatibiwa hapo. Mtu aliyeshindwa kuacha pombe anasaidiwa hapo. Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Burundi tumewaona watu waliokimbia vita. Wengine walifika salama, lakini hofu haikuwatoka. Hao nao husaidiwa hapo. Na mtoto asiyeweza kutulia, wala kushika jambo moja mpaka mwisho, naye hupelekwa hapo.

Tuanze na mtoto wa namna hiyo.

Sindano ya gulioni

Katika darasa letu hapa Buhigwe yuko mama mmoja. Jina lake silitaji, maana habari za mtoto wake ni zake. Mtoto huyo ni wa kiume. Wakati huo alikuwa na miaka tisa, naye alisoma darasa la pili. Ukimtuma maji, utaikuta ndoo njiani na mtoto yuko kwa jirani. Ukimtuma kuchunga mbuzi, jioni anarudi na fimbo bila mbuzi. Darasani anainuka, anakaa, anainuka tena. Anajibu kabla swali halijaisha. Mwalimu wake alisema ni mkaidi. Majirani walisema amerogwa. Bibi yake alisema, "Mwacheni. Hata mjomba wake alikuwa hivyo." Mtoto alichapwa nyumbani, akachapwa na shuleni, wala hakubadilika.

Siku moja ya gulio, mama alimkuta mtu amevaa koti jeupe. Ana meza, ana chupa, ana sindano. Watu wanamwita daktari. Mtu huyo alimtazama mtoto kwa muda usiotosha kumenya muhogo mmoja. Akasema, "Damu imepanda kichwani." Akamdunga sindano, akampa mama vidonge ndani ya kikaratasi. Malipo yalikuwa debe mbili za maharage.

Mtoto alilala siku mbili. Alipoamka alikuwa vile vile. Mama alirudi kwenye gulio lililofuata, lakini mtu yule hakuwepo.

Mama alikileta kile kikaratasi darasani. Wakati huo tulikuwa tumefika mahali pa kusoma maneno marefu. Akasoma kwa sauti: "1 x 3." Basi. Hakuna jina la dawa. Hakuna jina la aliyeitoa. Hakuna muhuri. Akaniuliza, "Mwalimu, yule mtu alisomea nini?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi nilimkuta gulioni nikamwamkia, "Shikamoo, daktari."

Huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Mimi nina cheti cha elimu ya watu wazima. Najua kufundisha herufi na hesabu. Lakini mara mbili nimeamshwa usiku nikamtazame mtoto mwenye degedege, kwa sababu nina baiskeli na kalamu! Mara zote mbili kazi yangu ilikuwa moja tu, kumpakia mama na mtoto kwenye baiskeli na kuwafikisha zahanati.

Basi tulitafuta jibu la swali la mama huyo. Hapa chini ndiyo tuliyoyapata.

Njia ni nyingi

Watu wanaofika soko la Kasulu hawatoki njia moja. Mmoja anatoka Manyovu, mwingine Kibondo, mwingine Kigoma mjini. Watu wanaotibu akili nao ni hivyo. Wamefika kliniki kwa njia mbalimbali, na kila mmoja amebeba mzigo wake.

Wa kwanza utakayemkuta karibu na nyumbani ni tabibu. Aliyemaliza sekondari akasoma chuo cha utabibu miaka 3 hupata stashahada, naye huitwa afisa tabibu. Amejifunza magonjwa yote kwa ujumla: malaria, kuhara, vidonda, uzazi. Magonjwa ya akili amejifunza pia, lakini ni sehemu tu ya masomo yake. Kazi yake kwa mtoto kama yule ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lazima kwanza aupime mwili. Je, mtoto anasikia vizuri? Mtoto asiyesikia huonekana mkaidi. Je, anaona ubao? Je, ana upungufu wa damu? Je, analala usiku? Je, aliwahi kuugua malaria kali ya kichwani? Tena iko aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Anatulia ghafla, anakodoa macho kwa sekunde chache, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu husema mtoto huyu anaota mchana, kumbe ni mgonjwa.

Wa pili ni muuguzi. Yuko muuguzi mwenye cheti, aliyesoma miaka 2. Yuko mwenye stashahada, aliyesoma miaka 3. Yuko mwenye shahada ya chuo kikuu, aliyesoma miaka 4. Chuo cha uuguzi tunacho hata hapa jirani, Kabanga, Kasulu. Baadhi ya wauguzi huongeza masomo ya afya ya akili. Mahali panapojulikana sana kwa mafunzo hayo ni Mirembe, Dodoma. Nataka ukumbuke jambo moja hapa. Katika hospitali nyingi za wilaya, anayeiendesha kliniki ya akili siku kwa siku ni muuguzi. Ndiye anayewajua wagonjwa kwa majina. Ndiye anayejua nani hakuja kuchukua dawa mwezi huu. Kwa hiyo usirudi nyumbani ukilalamika, "Nimeonwa na nesi tu." Huenda nesi huyo amewaona wagonjwa wa akili wengi kuliko daktari wa wodi ya jirani.

Wa tatu ni daktari mwenyewe. Huyu amesoma udaktari chuo kikuu miaka 5. Halafu amefanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Anayetaka kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili anarudi chuoni miaka 3 tena. Chukua kalamu ufanye hesabu: 5 na 1 na 3. Ni miaka 9 baada ya kumaliza sekondari ya juu! Muhimbili, Dar es Salaam, ndipo madaktari bingwa hao wanapofundishwa. Profesa Gad Kilonzo na Profesa Sylvia Kaaya ni baadhi ya Watanzania waliofundisha huko. Lakini madaktari bingwa hao ni wachache mno. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika nchi yetu. Kwa hiyo usishangae ukienda hospitali ya wilaya usimkute daktari bingwa wa akili. Utakayemkuta anaweza kuanza kazi, na likimshinda ataandika barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu ni Maweni, Kigoma mjini.

Wa nne ndiye anayewachanganya watu. Ni mwanasaikolojia. Saikolojia ni elimu ya mawazo, hisia na tabia za watu. Mwanasaikolojia hakusomea udaktari. Hachomi sindano, wala haandiki dawa. Amesoma chuo kikuu, na yule anayetibu wagonjwa ameongeza shahada ya pili. Anatibu kwa mazungumzo yenye mpango, na anampima mtoto kwa maswali na kazi ndogo ndogo ili ajue anashika nini na anapoteza nini. Anawafundisha wazazi namna ya kuishi na mtoto.

Nilipoeleza hayo darasani, mzee mmoja alicheka. Akasema, "Maneno yamekuwa dawa tangu lini?" Ni swali zuri. Nilimjibu kwa habari ya Zimbabwe.

Mwaka 2006, daktari bingwa wa akili aitwaye Dixon Chibanda alikuwa Harare. Wagonjwa walikuwa wengi, na wataalamu walikuwa wachache. Hakuwa na fedha, hakuwa na vyumba. Alipewa akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika huduma za afya za mtaani. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu apange njia ya kutoka kwenye shida yake. Akina bibi walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao, nje, karibu na kliniki. Mpango huo uliitwa Benchi la Urafiki. Baadaye wataalamu waliupima. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: watu waliokaa na akina bibi walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Mzee akasema, "Basi hata mke wangu anaweza kazi hiyo." Mkewe alikuwepo darasani. Akamjibu, "Naiweza tangu ulipoanza kunywa." Siku hiyo darasa halikuendelea haraka.

Lakini angalieni: akina bibi wale walifundishwa kwanza. Waliambiwa wasaidie nini, na wampeleke nani kwa daktari. Bibi wa benchi hakujiita daktari.

Wako na wengine. Afisa ustawi wa jamii amesomea mambo ya familia, haki za mtoto na misaada. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Dar es Salaam iliundwa mwaka 1973 kufundisha watu wa kazi hiyo. Mtoto akifukuzwa shule kwa sababu ya ugonjwa, au mgonjwa akifungwa kamba na ndugu zake, mwone huyo. Yuko pia anayetibu kwa kazi za mikono na mazoezi ya maisha ya kila siku. Hao hufundishwa Moshi, KCMC. Huku kwetu ni nadra kumkuta. Mfamasia anajua dawa: kipimo chake, na dawa ipi isichanganywe na ipi.

Zamani ilikuwaje?

Wazee wetu hawakuwa na kliniki ya akili karibu. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza. Mgonjwa wa milima ya huku ilibidi ashuke mpaka Kigoma mjini, kisha apande gari moshi mpaka Dodoma. Ndugu walimsindikiza hadi stesheni. Wengine hawakumwona tena kwa miaka. Ndiyo maana jina la Mirembe liligeuka kuwa tusi. Si haki. Wauguzi wengi waliosaidia vijiji vyetu walijifunza kazi huko.

Katika miaka ya 1980 Serikali ilijaribu njia nyingine katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kuwatambua wagonjwa wa akili na wa kifafa, na kuwatibu karibu na nyumbani. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kujenga jengo jipya.

Na njia ya mtaalamu inaweza kuanzia kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1959 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Hakuwa daktari wa akili. Alikuwa daktari wa magonjwa ya nchi za joto. Huko Mahenge aliwakuta wagonjwa wa kifafa wametengwa. Wanakula peke yao, watu wanaogopa kuwagusa hata wakiangukia motoni. Akaanzisha kliniki ya kifafa, akawapa dawa, na wengi wakapata nafuu. Baadaye alikwenda Kanada akasomea magonjwa ya akili, akasomea na mila za watu. Lakini hakuwasahau wa Mahenge. Alirudi kwao mara nyingi.

Waganga wa jadi je?

Siwezi kuliruka swali hili, maana wengi wetu huanzia huko. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wa jadi wanatakiwa kusajiliwa. Kwa hiyo hata yeye unaweza kumwuliza kama ameandikishwa. Huko Nigeria, katika miaka ya 1950, daktari bingwa wa akili Thomas Adeoye Lambo alishirikiana na waganga wa jadi katika kijiji cha Aro. Wagonjwa waliishi vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa. Kwa hiyo si lazima tabibu na mganga wagombane. Lakini mganga akimfunga mgonjwa minyororo, au akimchapa ili pepo atoke, ondoka na mgonjwa wako. Na mwenye kifafa asiache vidonge vyake ghafla kwa sababu ameambiwa na mtu. Degedege laweza kurudi kwa nguvu likamwua.

Uliza, usione haya

Tabibu na daktari huandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina la Tanganyika limebaki kwa sababu Zanzibar ina baraza lake. Wauguzi huandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Aliyeandikishwa hupewa leseni. Katika hospitali wengi huvaa kitambulisho kifuani, chenye jina na kazi. Zamani ulikitazama kama pambo. Sasa unaweza kukisoma.

Yule mama alikisoma. Alipokwenda hospitali na mtoto wake, alimkuta kijana amevaa koti jeupe. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba." Kisha akamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Wewe umesomea nini?" Alisema moyo ulimwenda mbio. Lakini kijana hakukasirika. Akajibu, "Mimi ni afisa tabibu, mama. Nitampima mwili. Mambo ya tabia yake atayachukua muuguzi wa afya ya akili."

Ikawa hivyo. Masikio yalikuwa mazima. Macho mazima. Hakuwa na kifafa. Muuguzi aliuliza maswali karibu saa nzima, na maharage hayakudaiwa! Mtoto alianza kuwa hivi lini? Yuko hivi nyumbani tu, au na shuleni pia? Akamtaka mama alete barua ya mwalimu. Mwezi uliofuata waliandikiwa rufaa, na huko daktari bingwa akamwona mtoto.

Daktari alieleza kwamba huo ni ugonjwa wa kutotulia na kukosa makini. Hauonekani kwa kupima damu wala kwa picha ya kichwa. Mtaalamu huutambua kwa kuuliza na kutazama. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu zaidi ya miezi 6, na huonekana mahali zaidi ya pamoja. Hautokani na uchawi, wala na mama kudekeza mtoto. Mara nyingi hupatikana ndani ya ukoo. Bibi hakukosea alipomtaja mjomba! Nao si wa Waha peke yao. Huko London, mwaka 1902, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto wasioweza kujizuia wala kushika jambo, ingawa akili zao ni nzima.

Dawa za ugonjwa huu zipo. Lakini ni daktari tu anayeamua nani apewe, kwa kipimo gani, naye hufuatilia. Mtoto huyu hakupewa kwanza. Mwalimu alishauriwa amkalishe mbele, mbali na dirisha. Apewe kazi fupi fupi. Akimaliza moja, asifiwe papo hapo, kisha apewe nyingine. Fimbo iachwe, maana fimbo haimfundishi mtu kukumbuka. Baba yake alibisha sana juu ya fimbo. Bado anabisha, ila ameiweka darini.

Mtoto hajawa mwingine. Mwezi uliopita alipoteza jembe. Lakini mama amebuni njia yake mwenyewe. Kila asubuhi anaandika ukutani kwa mkaa, kwa mwandiko alioupata katika darasa letu: MAJI. MBUZI. DAFTARI. Mtoto akimaliza jambo moja, anafuta neno lake kwa kiganja. Jioni mama hutazama ukuta kwanza, ndipo humtazama mtoto.

Mazungumzo ya darasa

Katika kijiji chetu tunawaita nani "daktari"? Kila mmoja wao amesomea nini, nasi tumejuaje?

Someni tena habari ya kikaratasi cha gulioni. Kikaratasi cha dawa kingetakiwa kuandikwa nini? Kiandikeni upya daftarini.